Sura ya Saba: Likizo ya Familia Njombe na Makambako

Mpango wa likizo ya familia mkoani Njombe huanzia kwenye kalenda, kabla ya ramani na kabla ya bajeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini mzazi mwenye watoto wa shule hawezi kuzitumia apendavyo. Shule hufungwa kwa muda mrefu mara mbili, Juni na Desemba, na miezi hiyo humwonyesha mgeni Njombe mbili tofauti. Kinacholiwa na kunywewa katika mmoja mara nyingi hakipo katika mwingine.

Juni ni kiangazi cha baridi. Mvua zilizoanza Novemba huwa zimekatika Mei, barabara za udongo zimekauka, na mtu anaweza kutembea kutwa bila kulowa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti, kofia za sufu na khanga juu ya sweta. Huko Makete, ambako ni juu zaidi, umande huganda kwenye nyasi na kuwa barafu nyembamba inayoyeyuka jua likichomoza. Mtoto aliyekulia Temeke au Tanga huiona barafu nje ya jokofu kwa mara ya kwanza, na hilo peke yake humfanya asahau uchovu wa basi. Kasoro ya Juni ni kwamba maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo huwa yamekwisha na ulanzi, pombe ya mianzi, umeadimika.

Desemba mambo hugeuka. Mvua zimerudi, milima ina kijani kibichi, maua yameanza kufunguka, plamu na mapichi yanauzwa kwa ndoo kandokando ya barabara, na mahindi mabichi ya vinyungu yanachomwa kila kona. Vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo wakulima wa Njombe na Iringa hulima wakati wa kiangazi kwa kutumia unyevu uliobaki ardhini. Ndizo zinazowapa mahindi na maharage mabichi wakati mashamba ya mlimani ndiyo kwanza yanapandwa. Gharama ya Desemba ni tope. Barabara za vijijini huteleza, na safari iliyopangwa kwa saa mbili inaweza kula nusu siku.

Familia yenye watoto wadogo sana ifanye safari Juni. Yenye watoto wa miaka minane na kuendelea, wanaoweza kuvaa mabuti na kuvumilia manyunyu, itapata zaidi Desemba. Wenye bahati kuliko wote ni wazazi ambao watoto wao hawajaanza shule, kwa sababu wanaweza kwenda Februari au Machi, wakati ulanzi unatiririka na Kitulo imejaa maua kwa pamoja.

Njia na kituo cha kwanza

Njia nyingi za kuingia Njombe hukutana Makambako. Mji huu umekaa pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapoachana na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 170. Njombe mjini iko kilomita 60 hivi kusini, kwa lami nzuri. Wanaokuja kwa ndege hushuka Songwe, Mbeya, kisha hurudi kwa gari.

Mabasi ya Dar hupita Mikumi, hupanda Kitonga, hupita Ilula penye vitunguu na nyanya, kisha Mafinga penye misitu ya misindano. Kwa watu wazima safari hiyo ya siku moja inavumilika. Kwa watoto ni ndefu mno, na busara ni kulala Iringa au Mafinga na kumaliza kesho yake asubuhi. Wengi hupuuza ushauri huu, kisha siku ya kwanza ya likizo hupotea kwa watu kulala.

Reli ni habari nyingine. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kilichowatoa jasho zaidi wajenzi ni kile cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako. Hapo reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwa madaraja marefu na mahandaki, na abiria anayekaa upande wa dirisha huona kichwa cha treni kikikata kona mbele yake. Hakuna barabara inayotoa mandhari hayo. Hata hivyo treni za abiria zimekuwa zikiyumba kwa ratiba, na safari nyingine huahirishwa kabisa, hivyo familia isijenge likizo nzima juu yake. Iulizie kituoni wiki ileile ya safari. Ikiwepo, ni zawadi.

Makambako yenyewe ni mji wa kazi. Upepo mkali wenye vumbi, malori ya kwenda Tunduma, gesti nyingi za madereva, chipsi na mishikaki inayochomwa mpaka usiku wa manane. Watu wake wametoka kila upande wa nchi, na biashara ya nafaka, viazi na mbao ndiyo inayouendesha. Usiku mmoja unatosha, lakini usiku huo usidharauliwe: asubuhi ya mapema sokoni mgeni huona viazi, maharage, njegere, kabichi na parachichi za mkoa mzima zikipakiwa kwenda Dar, na hapo anapata orodha kamili ya vyakula atakavyovikuta siku zinazofuata. Mzazi anaweza kumkabidhi kila mtoto hela kidogo anunue kitu kimoja asichokijua. Ni somo zuri la kuuliza, kusalimia na kupatana bei. Salamu ya hapa ni "kamwene," kwa Wabena na kwa Wahehe vilevile, ingawa kwa wazee shikamoo haibadilishwi na kitu.

Kuchagua makao

Kosa kubwa la mipango ya familia ni kutaka kuona mkoa wote. Njombe ulikuwa sehemu ya Iringa hadi ulipofanywa mkoa 2012, na wilaya zake, yaani Njombe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, zimetenganishwa na milima ambayo kwenye ramani inaonekana ndogo. Kwa wiki moja, makao mawili yanatosha: Njombe mjini kwa siku nne, kisha ama Makete ama ziwani kwa siku tatu. Kitulo na Ziwa Nyasa visiwekwe katika wiki moja. Kitulo iko zaidi ya mita 2,600 juu, ziwa liko chini ya mita 500, na kati ya hivyo viwili hakuna njia ya mkato ambayo gari la familia litaipenda.

Malazi ni ya aina tatu. Kuna gesti na hoteli za mjini. Kuna hosteli za misheni, zilizo safi, tulivu na zenye chakula cha saa maalumu. Na kuna nyumba za jamaa. Mtanzania mwenye shangazi Njombe hataeleweka akilala hotelini. Likizo ya namna hiyo ni nafuu na chakula chake ni cha kweli, ila ratiba inakuwa ya mwenyeji, na mgeni mwenye adabu hafiki mikono mitupu: sukari, sabuni, mafuta ya kula na mchele huchukuliwa kama zawadi za maana. Jambo la kuuliza mahali popote kabla ya kulipa ni maji ya moto na idadi ya mablanketi.

Chakula kama ratiba

Nchini Ufaransa, ambako wafanyakazi walipata likizo ya malipo ya wiki mbili kwa sheria ya 1936, familia zimezoea kwa muda mrefu kusafiri kwa kufuata chakula. Jibini la Roquefort limelindwa kisheria tangu 1925 ili jina lake litumike kwa jibini la eneo hilo tu, na huko Alsace barabara ya mashamba ya mizabibu ilizinduliwa 1953 ili wageni wapite kijiji kwa kijiji wakionja. Wazo ni rahisi: kinywaji au chakula fulani hakiwezi kutengwa na udongo, baridi na mikono iliyokitengeneza, kwa hiyo anayekitaka aende huko. Njombe haina mabango ya njia ya namna hiyo, lakini mali ipo, na familia inaweza kujitengenezea njia yake.

Ulanzi ndio mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu hausafiri. Hutoka kwenye mianzi inayopandwa kando ya mashamba na mabondeni. Mvua zinapokolea, chipukizi jipya la mwanzi hutoka ardhini, na likiwa bado laini mgema hulikata ncha. Kila asubuhi na kila jioni hurudi na kisu chenye makali, hukata kipande chembamba kama karatasi ili jeraha lisifunge, kisha huinamisha ncha na kuiingiza kwenye mbeta, kopo la pingili ya mwanzi lililofungwa hapohapo. Utomvu hudondoka usiku kucha. Unaoteremshwa asubuhi ni mtamu, wenye rangi ya maji ya mchele na harufu ya majani mabichi, lakini chachu za hewani huanza kazi mara moja. Kufikia jioni umeshakuwa pombe, na kesho yake kileo chake hukaribia cha bia na utamu umekwisha. Wanywaji wana majina ya kila hatua, na mtogwa, ulio mpya na mtamu, ndio wanaopewa wageni wasio na mazoea.

Mzazi anayepeleka watoto kwa mgema afanye hivyo asubuhi, shambani, si jioni kilabuni. Kuona kisu na mbeta vikifanya kazi ndiko kunakowafurahisha. Kuonja ni kwa watu wazima, maana hata mtogwa huwa umeanza kuchacha. Watoto watengewe togwa ya ulezi au ya mahindi isiyolala. Msimu wa ulanzi huendana na mvua, na Januari hadi Mei ndiyo miezi ya wingi. Wa mwishoni mwa Desemba ni wa bahati.

Mali ya pili ni maziwa. Baridi ya Njombe inawafaa ng'ombe wa asili ya Ulaya, na kaya nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa ndani ya banda. Mjini Njombe kuna kiwanda cha maziwa, Njombe Milk Factory, kilichokua kutokana na mradi uliosaidiwa na shirika la CEFA la Bologna, Italia. Ndiyo maana jibini zake zina sura ya Kiitaliano. Mgeni anayefika mapema kwenye kituo cha kupokea maziwa huwakuta wafugaji na madumu yao kwenye foleni. Mpokeaji huchovya kipimo kinachoelea kuona kama maziwa yametiwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na spiriti ndani ya bomba la kioo. Yakiganda, dumu hurudishwa nyumbani, na mwenye dumu huondoka bila kubishana kwa sababu kila mtu ameona. Jinsi yanayokubaliwa yanavyokuwa jibini, yaani kupashwa moto, kugandishwa, kukatwakatwa, kukamuliwa na kulazwa kwenye maji ya chumvi, ni jambo la kuombea ruhusa kiwandani mapema. Hata bila ruhusa, jibini lenyewe, mkate na nyanya vinatosha kwa chakula cha mchana cha milimani.

Viazi mviringo hutajwa mara nyingi mno kiasi kwamba mgeni hudhani ameshavijua. Njombe huvila asubuhi, vimechemshwa na maganda, na chai ya maziwa kando, na ladha yake haifanani na ya kiazi kilichokaa wiki mbili ndani ya gunia. Ugali ni wa mahindi, na upande wa Wakinga na Wapangwa ulezi bado unathaminiwa. Maharage hayakosi. Msimu wa mvua kuna uyoga wa porini, unaouzwa na akina mama kando ya barabara. Ununuliwe kwao tu, usichumwe na mgeni, kwa kuwa wenye sumu hufanana na usio na sumu. Kitimoto kinapendwa sana na huchomwa karibu kila mtaa, jambo ambalo familia za Kiislamu zitalizingatia wakati wa kuchagua mahali pa kula. Migahawa yenye chakula halali ipo Njombe na Makambako.

Kisha kuna simbilisi. Mnyama huyu mdogo, anayefugwa jikoni au kwenye vibanda vidogo na kulishwa majani, ni kitoweo cha kawaida katika kaya nyingi za nyanda hizi. Watoto wa mjini watataka kumbeba, si kumla. Mwenyeji hatakasirika wakikataa, mradi wazazi wakatae kwa heshima na kabla hajachinjwa.

Siku nne za miguu

Mto Ruhuji unapita Njombe mjini, na maporomoko yake yako karibu kiasi kwamba yanafaa kwa alasiri ya siku ya kuwasili. Miamba yake huteleza hata kiangazi, na kina cha maji chini ya maporomoko hakionekani kwa juu, hivyo kutazama kunatosha.

Siku ya chai ipangwe kwa shamba la Kibena au la Luponde. Kibena ni karibu zaidi na mji. Luponde liko juu, limejijengea jina kwa chai ya kilimo hai, isiyotiwa mbolea wala dawa za viwandani. Kwenye baridi ya namna hii mmea hukua taratibu, na wachumaji hurudi kwenye kichaka kilekile baada ya siku nyingi zaidi kuliko kwenye mashamba ya joto. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake. Mtoto akijaribu hugundua upesi kwamba mkono wa mchumaji haufuatiliki kwa macho. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yachachuke na kubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Mashamba haya ni mali ya kampuni, kwa hiyo barua au simu itangulie.

Njia za baiskeli na miguu kuzunguka Kibena hupita pia kwenye misitu ya miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanzishwa 1949 na shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni ya Uingereza. Magome ya miwati hutoa tanini inayotumika kusindika ngozi, na mti uliokwisha kumenywa huenda kwenye kuni na mkaa. Misitu hii haina wanyama wa kutisha. Hatari ni malori ya magogo, ambayo hushika katikati ya barabara kwenye kona.

Siku ya historia huenda Nyumba Nitu, msitu wa asili wenye mapango, mwendo mfupi kutoka mjini, ambamo Wabena walijificha wakati wa vita vyao na Wahehe katika karne ya 19. Mahali hapa pana heshima yake hadi leo. Mgeni hupitia kwanza kwa viongozi wa kijiji, hupewa mtu wa kumwongoza, na hufuata anachoambiwa kuhusu mahali pa kukanyaga na pa kunyamaza. Mwongozaji huwa na mengi kuliko kitabu chochote, na mengine ataeleza tu akiulizwa na mtoto. Yakobi, kijiji kingine cha karibu, kina kumbukumbu ya aina tofauti: Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kibena walishambulia kituo cha misheni cha Wajerumani kilichokuwa hapo. Watoto wa darasa la tano na kuendelea huwa wamesoma habari za Majimaji wakidhani ni za Matumbi na Songea peke yake.

Jumapili haina haja ya kupangiwa kitu. Njombe ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na ya Jimbo Katoliki lililoanzishwa 1968, na kwaya zake zinachukulia uimbaji kwa uzito mkubwa. Hata asiyesali hapo anakaribishwa kusikiliza. Anayependa ngoma za asili aulizie mapema kama kuna harusi au sherehe ya kijiji, kwa kuwa ngoma za kukodiwa kwa ajili ya wageni huwa fupi na hazina wachezaji wazee.

Makete na Kitulo

Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa 2005, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi, ya kwanza nchini kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, na sehemu ya sababu ya kulindwa kwake ni jikoni: viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Wanafamilia wanaofuata chakula wataona hapa upande wa pili wa jambo, kwamba kitoweo cha nchi moja kinaweza kumaliza ua la nchi nyingine.

Kwa kuwa hakuna simba wala tembo, Kitulo ni hifadhi ya kutembea. Mtoto wa miaka kumi anaweza kumaliza saa tatu za uwandani bila taabu, akipumzika mara kwa mara kwa sababu ya wembamba wa hewa. Mlima Mtorwi, mita 2,961, ni wa vijana na wazazi wenye mazoezi. Wapenda ndege hutafuta tandawala mkubwa wa Denham kwenye nyasi, na ndege mdogo wa kahawia ambaye sayansi imempa jina la mji, Cisticola njombe. Kwenye msitu wa Livingstone yuko kipunji, nyani ambaye watafiti walimgundua 2003, lakini kumwona kunataka siku nzima, mwongozaji na subira ambayo watoto wachache wanayo.

Kuingia kuna njia mbili. Kutoka Njombe, barabara ya Makete sasa ni ya lami na hupita kwenye milima ya Kipengere, vijiji vya Wakinga na matuta ya viazi yanayopanda mpaka juu ya vilima. Njia ya pili hutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, na kupanda hadi Matamba kwa kona zinazohesabiwa 57. Watu huiita Hamsini na Saba. Watoto huzihesabu kwa sauti. Dereva asiyeizoea, au gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote wakati wa mvua, asijaribu. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, si fedha taslimu getini, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Mtandao wa simu hauaminiki huko juu, hivyo malipo yakamilishwe mjini.

Kushuka ziwani

Anayechagua ziwa badala ya Kitulo hupita Itoni na kushika barabara ya Ludewa, ambayo kati ya Lusitu na Mawengi imejengwa kwa zege kwa sababu ya miinuko na mvua. Kutoka Ludewa, njia ya Lupingu huporomoka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la minazi na mihogo kwa alasiri moja. Masweta huvuliwa moja baada ya jingine ndani ya gari.

Chakula hubadilika pia. Hapa ni mbasa, magege na dagaa wa Nyasa, na ugali wa muhogo. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu bila gurudumu: bonge la udongo huzungushwa kwa mkono, hupigwa na kukwanguliwa mpaka ukuta wa chungu unakuwa mwembamba kuliko unavyotarajiwa, hupakwa nakshi nyeupe na kuchomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi. Vyungu hivyo vimeuzwa kwa mitumbwi kando ya ziwa kwa vizazi vingi, na vingi bado hupikiwa. Mfinyanzi akiombwa vizuri humpa mtoto udongo. Jioni, ngoma ya mganda ya wanaume na kioda ya wanawake bado huchezwa kwenye sherehe za vijiji vya mwambao.

Ziwani kuna mambo matatu ya kuchunga. Malaria, ambayo Njombe mjini ni nadra, huku ipo mwaka mzima, hivyo vyandarua ni lazima. Kichocho hupatikana penye maji yaliyotulia na matete. Mamba hukaa midomoni mwa mito. Watoto waogelee pale wenyeji wanapoogelea wao wenyewe, na mahali hapo paulizwe kila kijiji upya. Meli ya MV Mbeya II huunganisha bandari za ziwa upande wa Tanzania. Ratiba yake huulizwa bandarini.

Mizigo na kurudi

Kila mtu awe na sweta mbili, koti la mvua, viatu vya kufunga na soksi za kutosha. Nje ya Njombe na Makambako, pesa za simu na noti ndogo hufanya kazi kuliko kadi ya benki. Kwa dharura ya afya upande wa Makete, hospitali ya Ikonda ya Wamisionari wa Consolata hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, na jina lake kila dereva analijua.

Ununuzi ufanywe siku ya mwisho. Parachichi za Njombe huuzwa zikiwa ngumu na huiva nyumbani baada ya siku kadhaa, kwa hiyo zinasafiri vizuri kuliko plamu. Jibini gumu huvumilia safari ya basi likifungwa gazeti na kuwekwa mbali na injini, mtindi hauvumilii. Gunia la viazi hununuliwa kwa kilo, si kwa macho, maana lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, bado ipo licha ya kukatazwa. Chungu cha Kikisi hujazwa nguo ndani na kubebwa mapajani. Okidi na viazi vyake havitolewi Kitulo kwa namna yoyote, hata kama muuzaji wa njiani anadai ni vya shambani kwake.